Kupunja Ganzi Si Kulinda Shinikizo la Damu

Sindano ya ganzi ya mgongo imekuwa njia kuu ya kuwaondolea akina mama maumivu wakati wa upasuaji wa kujifungua, kuanzia hospitali za rufaa hadi vituo vya afya vya pembezoni. Ni njia njema. Mama hubaki macho, hupumua mwenyewe, humsikia mwanawe akilia, na huepushwa na hatari zinazoandamana na usingizi mzito. Hata hivyo ina tabia moja ambayo kila aliyewahi kuitoa anaifahamu: ndani ya dakika chache shinikizo la damu la mama hushuka, na mara nyingine hushuka ghafla.

Hofu ya mshuko huo imezaa ushauri mmoja unaosikika katika vyumba vya upasuaji: "Mpe kidogo, presha isije ikaanguka." Ushauri huo una chembe ya ukweli, na ndiyo maana unadumu. Lakini ukifuatwa peke yake, humtoa mama katika hatari moja na kumtia katika nyingine. Kinachomlinda mama si uchache wa dawa iliyoingia mgongoni. Kinachomlinda ni dawa ya kupandisha shinikizo iliyokwisha kuvutwa ndani ya bomba la sindano, mkao sahihi wa mwili wake, na mtoa ganzi asiyeondoka kando ya kichwa chake. Kituo kisichokuwa na mambo hayo matatu hakiwezi kuyafidia kwa kupunguza dozi.

Kinachotokea mwilini

Dawa itumiwayo kwa kawaida ni bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, iliyochanganywa na glukosi ili iwe nzito kuliko maji ya uti wa mgongo. Kila mililita yake ina miligramu 5. Chupa moja ndogo huwa na mililita 4, yaani miligramu 20, ilhali mama mjamzito kwa kawaida huhitaji takribani nusu tu ya kiasi hicho. Ujauzito wenyewe humfanya ahitaji dawa kidogo kuliko mtu mwingine, kwa sababu mishipa ya damu iliyovimba ndani ya uti wa mgongo hupunguza nafasi ya maji, na dawa husambaa mbali zaidi.

Ili mama asihisi maumivu, ganzi lazima ipande hadi karibu na usawa wa chuchu, ingawa kisu hupita chini ya kitovu. Sababu ni kwamba utando unaofunika viungo vya tumbo hupeleka hisia zake juu zaidi kuliko ngozi inayokatwa. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mishipa ya fahamu inayobeba maumivu hupita njia moja na ile inayoiamuru mishipa ya damu ijibane, na ganzi haichagui. Mishipa ya damu ya miguu na tumbo hulegea, damu hutuama huko, na ile inayorudi moyoni hupungua. Mama akilala chali, mfuko wa uzazi uliobeba mtoto hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni na kuzidisha upungufu huo. Ganzi ikipanda juu mno, hata mishipa ya fahamu inayouhimiza moyo hunyamaza, na mapigo huenda taratibu wakati ambapo yangetakiwa kukimbia.

Mfuko wa uzazi wa mimba iliyokomaa hupokea takribani mililita 500 hadi 700 za damu kila dakika, wala hauwezi kujirekebishia mtiririko huo shinikizo la mama linapoanguka. Mama huhisi kichefuchefu na kizunguzungu, na wakati huohuo mtoto hupungukiwa na oksijeni. Pasipo hatua za kuzuia, hali hii huweza kuwapata wanawake saba au zaidi kati ya kumi wanaopewa ganzi ya mgongo kwa ajili ya upasuaji wa kujifungua. Kwa hiyo kushuka kwa shinikizo si ajali, wala si ushahidi wa uzembe wa aliyechoma sindano. Ni jambo la kutarajiwa, na jambo la kutarajiwa huandaliwa mapema.

Hesabu ya dozi

Wanaotetea dozi ndogo wana hoja inayostahili kusikilizwa. Mwaka 2011, Arzola na Wieczorek walikusanya na kuchambua tafiti zilizolinganisha dozi za bupivakaini zisizozidi miligramu 8 na dozi kubwa kuliko hizo. Waliopewa dozi ndogo walipungukiwa na hatari ya kushuka kwa shinikizo kwa takribani moja ya tano. Hiyo ni faida ya kweli. Upande wa pili wa mizani, hata hivyo, uhitaji wa dawa za ziada za maumivu katikati ya upasuaji uliongezeka karibu mara nne.

Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 2004, Yehuda Ginosar na wenzake walikuwa wametafuta kiasi kinachotosha. Walikuta kwamba bupivakaini nzito ikichanganywa na fentanili na mofini, miligramu 7.6 ziliwatosha nusu tu ya wanawake, na kwamba ili wanawake 95 kati ya 100 wafanyiwe upasuaji bila kuhitaji nyongeza, dozi ilipaswa kufikia takribani miligramu 11.2. Msomaji azingatie kwamba matokeo hayo yalipatikana pamoja na fentanili na mofini. Katika kituo ambako dawa hizo hazipo, bupivakaini hubaki peke yake, na nafasi ya kuipunguza huwa finyu zaidi.

Hospitali zinazotumia dozi ndogo kwa mafanikio mara nyingi huwa na kinga ya pili. Huacha mpira mwembamba mgongoni, nje ya utando wa uti wa mgongo, ili ganzi ikianza kupungua waongeze dawa kupitia hapo. Kituo cha afya cha vijijini hutoa sindano moja tu. Sindano hiyo isipotosha, hakuna mlango wa nyuma. Kinachobaki ni ketamini, au usingizi mzito unaotolewa kwa haraka kwa mama ambaye tumbo lake limekwisha kufunguliwa na ambaye pengine alikula saa chache zilizopita.

Njia hiyo ya dharura si nyepesi. Mapitio ya tafiti kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, yaliyochapishwa mwaka 2016 na Soha Sobhy na wenzake, yalionesha kwamba uwezekano wa mama kufariki ulikuwa takribani mara tatu kwa waliopewa usingizi mzito kuliko kwa waliopewa ganzi ya mgongo au ya aina yake. Ni kweli kwamba baadhi ya waliopewa usingizi walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo, na tofauti yote haiwezi kuwekwa juu ya usingizi wenyewe. Hata hivyo hakuna mtaalamu makini atakayetaka kumpeleka mama mwenye afya njema kwenye njia hiyo kwa sababu tu ya mililita nusu ya dawa iliyopunjwa.

Maumivu yenyewe pia ni madhara. Mama aliyehisi kisu hukumbuka. Atasimulia kisimani, sokoni na kanisani au msikitini, na mimba ijayo, yake au ya dada yake, itachelewa kufikishwa kituoni. Kumpunguzia mwanamke mfupi sana dozi kwa kiasi kidogo, baada ya kutafakari, ni uamuzi wa kitaalamu. Kuwapunguzia wote kwa hofu ni jambo jingine kabisa.

Mlimani na mabondeni

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mkoa wa Morogoro. Milima ya Uluguru inainuka nyuma ya mji kama ukuta, na kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kwenye miteremko yake, kutoka Mgeta na Nyandira upande wa magharibi hadi Kinole na Matombo upande wa mashariki, wanaishi maelfu ya watu wanaolima mboga, ndizi na viungo. Barabara ya kupanda Mgeta kutokea Sangasanga ni ya kona na miinuko, na vitongoji vingi viko mbali nayo, penye njia za miguu tu. Masika yanapofika, njia hizo huwa utelezi. Miongoni mwa Waluguru, ambao ukoo na haki ya ardhi hufuata upande wa mama, kifo cha mwanamke mwenye umri wa kuzaa hugusa mbali zaidi ya nyumba aliyoolewa.

Kwa wakazi wa maeneo ya namna hiyo, kusubiri upasuaji ufanyike mjini peke yake ni kuwasubirisha wengi hadi kuchelewa. Mkoa huohuo wa Morogoro ulishiriki kutafuta jibu. Kuanzia mwaka 2009, mjini Ifakara, yaliendeshwa mafunzo ya miezi mitatu ya kuwaandaa madaktari wasaidizi kutoa huduma kamili za dharura za uzazi, na kuwaandaa wauguzi, wakunga na maofisa tabibu kutoa ganzi na usingizi. Angelo Nyamtema na wenzake walichapisha mwaka 2011 mafunzo waliyoyapata katika mpango huo. Serikali nayo imeendelea kuvijengea vituo vya afya vyumba vya upasuaji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Mambo mengi yamechangia mabadiliko hayo, na huduma kusogezwa karibu na watu ni mojawapo.

Uamuzi wa kupeleka upasuaji vijijini ulikuwa wa busara, na makala haya hayaupingi. Yanakumbusha tu kwamba sindano ya mgongo ilisafiri kwenda vijijini kwa kasi kuliko vitu vinavyopaswa kuandamana nayo. Afrika Kusini, yenye utaratibu wa muda mrefu wa kuchunguza kila kifo cha uzazi kwa siri na bila kulaumu, ilipitia hali hiyo kabla. Mwaka 2013, Farina na Rout waliandika katika jarida la kitabibu la nchi hiyo kuhusu kuongezeka kwa vifo vinavyohusiana na ganzi ya mgongo, wakionya dhidi ya fikra kwamba ganzi hiyo ni jambo dogo lisilohitaji umakini. Mwaka 2019 ulitoka utafiti mkubwa zaidi, uliofanyika katika nchi 22 za Afrika: kati ya wanawake 3,684 waliofuatiliwa baada ya upasuaji wa kujifungua, 20 walifariki, kiwango kinachokaribia mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Matatizo ya ganzi na usingizi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na vifo hivyo.

Kabla ya dozi kuna swali la kwanza: je, mama huyu anafaa kupewa ganzi ya mgongo? Mama aliyeteremshwa kutoka mlimani akiwa amevuja damu nyingi, midomo imepauka na mapigo yanakimbia, anaishi kwa sababu mishipa yake imejibana. Ganzi ya mgongo huifungua mishipa hiyo yote kwa mara moja. Mama kama huyo hasaidiwi na dozi ndogo ya mgongoni. Anahitaji damu, maji ya mishipani na njia nyingine ya kumwondolea maumivu, mara nyingi ketamini. Hapa pia fikra ya "mpe kidogo tu" imebeba hatari, kwa kuwa humfanya mtoa huduma adhani kwamba amepata njia ya kati mahali ambapo njia ya kati haipo.

Kwa upande mwingine, mama mwenye kifafa cha mimba kinachonyemelea huogopwa kupita kiasi. Utafiti wa Aya na wenzake wa mwaka 2003 ulionesha kwamba shinikizo lilishuka kwa asilimia 17 tu ya wanawake wenye shinikizo la juu kali la ujauzito, ikilinganishwa na asilimia 53 ya wanawake wenye afya. Mradi uwezo wa damu yake kuganda uko salama na amekwisha kutulizwa kwa dawa, ganzi ya mgongo yenye dozi kamili humfaa, naye kwa kawaida huhitaji dawa ndogo zaidi ya kupandisha shinikizo.

Yanayopaswa kuwa tayari

La kwanza ni dawa ya kupandisha shinikizo. Makubaliano ya kimataifa ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliipa fenilefrini nafasi ya kwanza, ikitolewa mapema kabla shinikizo halijashuka. Panapokuwa na dawa hiyo, izimuliwe kwa uangalifu mkubwa: chupa yenye miligramu 10 ina dozi 100 za mikrogramu 100, na kosa moja la kuzimua huweza kuua. Katika vituo vingi iliyo karibu zaidi ni efedrini. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya kazi hii hasa. Chupa ya miligramu 30 ikizimuliwa hadi mililita 10 hutoa miligramu 3 kwa kila mililita, na mama hupewa miligramu 3 hadi 6 kwa mara moja, kisha hupimwa tena. Efedrini nyingi mno huweza kumfikia mtoto na kuongeza asidi katika damu yake, lakini mtoto huumia zaidi mama anapoachwa bila shinikizo. Jambo lisilokuwa na mjadala ni wakati: dawa ivutwe, bomba liandikwe jina na kiwango, na liwekwe mkononi kabla sindano ya mgongo haijachomwa. Dawa iliyofungiwa kabatini, ufunguo ukiwa kwa muuguzi wa wodi, ni sawa na isiyokuwapo.

La pili ni kipimo cha mwanzo. Shinikizo lipimwe kabla ya ganzi na liandikwe, kwa kuwa lengo hutokana na kipimo hicho. Makubaliano ya mwaka 2018 yanataka shinikizo la juu libaki katika asilimia 90 au zaidi ya kipimo cha mwanzo, na lisiruhusiwe kukaa chini ya asilimia 80. Mama aliyeanza na 120 anapaswa kubaki 108 au zaidi. Akifika 96 anahitaji dawa mara moja. Baada ya ganzi apimwe kila dakika hadi mtoto atoke, au kila dakika mbili pale kipimo kinapotumiwa kwa mkono.

La tatu ni mkao na maji. Mto au shuka iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia humwegemeza mama upande wa kushoto na kupunguza mgandamizo wa mshipa mkubwa. Msaada huo una mpaka: picha za sumaku zilizochukuliwa na watafiti wa Japani mwaka 2015 zilionesha kwamba mwinamo wa nyuzi 15 haukuufungua mshipa huo ipasavyo. Maji nayo yana mpaka wake. Mwaka 1993, huko Durban, Rout na wenzake waliwapa baadhi ya wanawake maji mengi ya mishipani kabla ya ganzi na wengine wasiwape. Shinikizo lilishuka kwa asilimia 55 ya waliopewa na asilimia 71 ya wasiopewa. Dripu inayokwenda kasi wakati ganzi inapochomwa husaidia, lakini haichukui nafasi ya dawa.

La nne ni mtu. Katika vituo vidogo mtoa ganzi mara nyingi ni mmoja, naye ndiye huitwa mtoto anapozaliwa bila kulia. Kwa dakika hizo mama hubaki peke yake, na ndizo dakika ambazo damu inamtoka na oksitosini inaingia. Oksitosini ikisukumwa kwa haraka mshipani hushusha shinikizo kwa mara ya pili, kwa hiyo itolewe polepole. Jina la atakayempokea na kumsaidia mtoto kupumua litajwe kabla ya upasuaji kuanza. Kituo kisipoweza kupata mtu huyo kwa upasuaji usio wa dharura, busara ni kusubiri hadi apatikane.

Dawa mbili, agizo moja

Huenda msomaji aliyeko kituoni akasema kwamba haya yote anayajua, ila efedrini haijaletwa. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake haliko mikononi mwa mtoa ganzi peke yake. Bupivakaini na efedrini zinaagizwa kama bidhaa mbili zisizojuana. Moja huweza kuwapo ghalani wakati nyingine imekwisha, na upasuaji ukaendelea kwa kuwa ile ya kuondoa maumivu ipo.

Pendekezo la makala haya ni kwamba dawa hizo mbili zihesabiwe kama jozi. Mfamasia wa kituo anapojaza maombi kwenda Bohari ya Dawa, idadi ya chupa za bupivakaini nzito iandamane na idadi isiyopungua hiyo ya chupa za dawa ya kupandisha shinikizo. Timu ya wilaya inapokagua kituo, isiulize kama bupivakaini ipo. Iulize kama jozi imekamilika. Jozi isipokamilika, ichukuliwe kwamba ganzi ya mgongo haipo, na mganga mfawidhi aazime kutoka kituo jirani au atoe taarifa siku hiyohiyo. Panapotokea dharura isiyoruhusu kusubiri, adrenalini iliyozimuliwa sana huweza kumwokoa mama ikiwa mikononi mwa mtu aliyefundishwa kuitumia hivyo. Lakini dharura haipaswi kuwa utaratibu wa kila wiki.

Kuna watakaohofu kwamba sharti hili litavifunga baadhi ya vyumba vya upasuaji. Hofu hiyo isipuuzwe, kwa maana chumba kilichofungwa mlimani nacho huua. Ndiyo maana sharti linaelekezwa kwanza kwenye agizo la dawa, ambalo hufanyika wiki nyingi kabla mama hajafika. Hakuna anayetakiwa kumrudisha mama mlangoni.

Neno la mama

Mgonjwa naye ana nafasi katika ulinzi huu, na aelezwe hivyo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, kwa lugha anayoielewa, pamoja na mumewe, mama yake mzazi au mjomba aliyemsindikiza. Aambiwe kwamba miguu yake itakuwa mizito na ya moto, kwamba ataendelea kuhisi kuguswa na kuvutwa, lakini hatakiwi kuhisi maumivu makali. Kabla ya kisu, mtoa ganzi atampima kwa pamba yenye baridi hadi karibu na usawa wa chuchu. Mama akisema bado anahisi maumivu, aaminiwe.

Aambiwe pia dalili ambazo asizinyamazie: kichefuchefu cha ghafla, kizunguzungu, giza machoni, kifua kuwa kizito, mikono kuishiwa nguvu au sauti kufifia. Kichefuchefu mara nyingi hutangulia kipimo cha mashine, kwa kuwa ubongo huhisi upungufu wa damu kabla kitambaa cha mkononi hakijamaliza kujaa upepo. Mikono kulegea na pumzi kuwa fupi huashiria ganzi inayopanda mno, na mtoa ganzi anapaswa kuwa tayari kumsaidia mama kupumua. Mama anayesema "Dada, najisikia vibaya" hadeki. Ametoa taarifa ya kitabibu, na jibu lake si "Jikaze, mama," bali ni mkono unaokwenda kwenye kipimo na kwenye bomba lililokwisha kuandaliwa.

Wahudumu wanaosoma makala haya wanaweza kuanza bila kusubiri waraka. Kabla ya upasuaji unaofuata, mtu mmoja katika chumba aulize kwa sauti: dawa ya kupandisha shinikizo iko wapi, na nani atampokea mtoto? Yakipatikana majibu mawili, mama apewe dozi kamili ya ganzi anayostahili.